Siku nane nilizofungiwa nje ya kompyuta yangu

Jumatatu moja ya mwezi wa saba 2024 nilifungua steshenari yangu saa moja na nusu asubuhi kama kawaida. Niko Morogoro, si mbali na stendi ya Msamvu. Ule ndio msimu tunaouombea mwaka mzima: wanafunzi wanaomba mikopo ya elimu ya juu, na kila mmoja ana vyeti vya kuskani, fomu ya kuprinti, na fomu hiyohiyo ya kuskani tena ikishagongwa mihuri. Foleni ilikuwa imeshafika barazani. Nikawasha kompyuta, nikaandika nenosiri, nikabonyeza Enter.

Skrini ikawa nyeusi kwa sekunde moja, kisha ikanirudisha palepale nilipoanzia: jina langu, na kisanduku cha nenosiri kikinisubiri. Nikadhani nimekosea. Nikaandika tena, safari hii herufi mojamoja kwa kidole kimoja. Nyeusi, kisha palepale. Nikaandika nenosiri la uongo makusudi. Hapo ikaniambia nimekosea. Maana yake lile la kweli ilikuwa inalikubali, halafu inanitoa. Kama mwenyeji anayekukaribisha kwa heshima zote, ukivuka kizingiti tu anakurudisha barazani.

Ilinichukua siku nane kurudi kazini. Tatizo lenyewe lilikuwa la dakika kumi. Siku nyingine zote nilizitengeneza mwenyewe, kwa mikono yangu na kwa mdomo wangu, na hizo ndizo ninazotaka kuzisimulia.

Nianze na nilivyofika kwenye Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta unaotumika badala ya Windows, maana hata nyumbani waliniuliza: mama wa steshenari na Linux wapi na wapi? Sababu ni flashi. Mwenye steshenari yeyote anavijua virusi vya shotikati. Mteja anachomeka flashi, folda zake zote zimegeuka vialama vyenye kamshale, mafaili yenyewe hayaonekani, na ukibofya kimoja tu umeshajiambukiza. Kuanzia hapo kila flashi inayoingia dukani inatoka na ugonjwa. Nilikuwa nalipa kufomati karibu kila msimu. Mwaka 2023 kijana mmoja wa chuo, mteja wangu, akaichomeka flashi yake mbovu kwenye kompyuta yake yenye Linux Mint, mojawapo ya aina za Linux. Virusi vilikuwepo, vimekaa tu, havina la kufanya kwa sababu vimeandikwa kwa ajili ya Windows. Na mafaili yake yaliyofichwa yalionekana yote, kwa kuwa ile alama ya kuficha inayowekwa na Windows kwenye flashi, huku haijaliwi. Nikamwambia nataka hiyo. Akaniwekea kwa soda mbili, kwenye kompyuta mpakato ya mtumba niliyoinunua Kariakoo kwa shilingi 480,000, akaniachia na flashi ya kusakinishia. Nikaitupa kwenye droo.

Haikuwa raha tangu siku ya kwanza. Wiki ya pili tu nilimprintia mwanafunzi tasnifu ikatoka kurasa 64 wakati kwake ilikuwa 61. Alikuwa ameiandika kwa Calibri, fonti ambayo haiji na Linux, na pale ikaingia nyingine yenye upana tofauti. Vichwa vya habari vikashuka chini ya kurasa, namba za yaliyomo zikawa hazina maana. Karatasi zile nilizifanya za kupigia hesabu. Dawa yake ni fonti iitwayo Carlito, ambayo herufi zake zimepimwa upana sawa na za Calibri, na kwa Times New Roman ipo Liberation Serif. Hata hivyo sheria ya dukani kwangu ikawa moja: kazi ndefu njoo nayo ikiwa PDF.

Baada ya hapo mwaka ukapita sijamwona fundi. Nadhani ndipo nilipoanza kujiona mtaalamu.

Basi, Jumatatu ile. Nipo kwenye kikundi cha watumiaji wa Linux wanaozungumza Kiswahili; wengi wako Dar, Dodoma, Arusha na Mombasa, wachache wako Muscat, na mmoja yuko Ujerumani. Nikaandika: "Wakuu habari za asubuhi. Draiva ya skrini imekufa kwenye Mint. Naiwekaje upya? Naomba msaada wa haraka, nina wateja."

Isome tena sentensi hiyo ya pili. Nani aliniambia draiva, ile programu inayoiendesha skrini, imekufa? Hakuna. Skrini ilikuwa nyeusi kwa sekunde moja, nikakumbuka niliwahi kusikia mtu akisema skrini nyeusi ni draiva, nikaileta kama habari ya uhakika. Na watu wale, kwa wema wao, wakanijibu nilichouliza. Mmoja akasema weka neno nomodeset kwenye mstari wa kuwashia, ili kerneli, kiini cha mfumo, isiiguse kadi ya skrini mapema. Nikaweka. Mwingine akasema ondoa draiva uirudishe. Nikaondoa, nikairudisha kwa bando la simu. Ni dawa nzuri zote mbili kwa mwenye ugonjwa huo. Lakini kompyuta yangu ilikuwa inanionyesha kisanduku cha nenosiri kwa rangi zake zote, na picha ya mlima nyuma yake! Draiva iliyokufa ingeonyesha mlima? Hilo lilinijia wiki mbili baadaye nikiosha vyombo.

Aliyeuliza swali la maana alikuwa dada mmoja wa Arusha. "Dada, ukibonyeza Ctrl, Alt na F3 kwa pamoja, inakuletea skrini nyeusi yenye maandishi? Jaribu kuingia huko kwa jina na nenosiri lako." Nikabonyeza. Ikaja. Nikaandika jina, nikaanza kuandika nenosiri, hakuna kinachotokea, hata nyota moja. Nikadhani kibodi nayo imekufa. Ndivyo ilivyo: kwenye skrini ile nenosiri halionyeshi chochote, unaandika gizani kisha unabonyeza Enter. Nikaingia. Akaniambia niangalie kama faili liitwalo .Xauthority ni mali yangu au ni la root, yaani mkuu wa mfumo, kwa sababu likiwa la root kompyuta hufanya vituko hivyohivyo. Lilikuwa langu. Akasema, "Sawa, basi si hilo. Niko kazini, jioni tuendelee."

Jioni. Mimi nilikuwa na foleni iliyokuwa imeshavuka barabara kwenda kwa jirani yangu, ambaye kwa kweli si mtu mbaya, lakini siku ile kila mashine yake ya kopi ilipolia niliisikia kifuani. Sikusubiri jioni. Nikashika lile neno moja la mali ya nani, nikajiambia kumbe shida ni ruhusa, nikaanza kupekua mwenyewe kwenye simu. Usiku wa Jumanne nikapata mahali fulani ushauri wa mtu asiyejulikana: ukiwa na tatizo la ruhusa, andika sudo chmod -R 777 / na kila kitu kitafunguka.

Naitaja amri hiyo ili ukiletewa uitambue, usiiandike kamwe. Inampa kila mtu ruhusa zote juu ya kila faili, kwenye kompyuta nzima. Kwa akili yangu ya usiku ule ruhusa zikiwa nyingi si ndiyo vizuri? Mafaili yakaanza kubadilishwa, mshale ukasimama kama dakika mbili, ukarudi. Nikajaribu amri nyingine yenye sudo, ikanijibu:

sudo: /usr/bin/sudo must be owned by uid 0 and have the setuid bit set

Nilikuja kuelezwa baadaye. Programu ya sudo ina alama maalumu inayoiruhusu kukupa madaraka ya mkuu wa mfumo kwa muda. Ile 777, pamoja na kugawa ruhusa kama njugu, inaifuta alama hiyo. Kwa hiyo nilikuwa nimetumia sudo kuiua sudo. Nilikuwa nimekaa kwenye tawi na msumeno mkononi.

Sasa linakuja jambo ninaloona aibu nalo zaidi ya hiyo amri. Jumatano asubuhi niliandika kwenye kikundi: "Wakuu, ghafla tu sudo nayo imegoma." Nikabandika na lile kosa. Ghafla tu! Sikutaka waone nimeandika amri ambayo, nilishaanza kuhisi, kila mtu angenicheka. Watu wakaingia kazini. Kaka mmoja wa Muscat, ambako wako mbele yetu kwa saa moja, aliamka kabla ya kazi kunitumia maelekezo ya kuingia kwa njia ya ukarabati na kuirudisha sudo. Nikafuata, sudo ikarudi kidogo, kikaharibika kingine. Akarekebisha hicho, kikazuka cha tatu. Siku mbili. Alikuwa anaziba matundu kwenye gunia ambalo mimi ndiye niliyelichana lote, na nilikuwa namtazama akiziba.

Alhamisi nilikata tamaa nikaipeleka kwa fundi. Akaiwasha, akaizima, akasema mainboard imeungua na hizi Linux ni za wadukuzi, aniwekee Windows. Kukagua shilingi 25,000. Nikamuuliza, kama mainboard imeungua, Windows atailaza wapi? Akaniangalia. Nililipa nikaondoka na kompyuta yangu, na mpaka leo naishukuru ile midomo yangu, kwa sababu alikuwa ameshika flashi ya kufomati na mimi sikuwa na nakala ya hata faili moja.

Ijumaa nilifunga duka saa sita mchana nikalia. Naandika hili kwa sababu wengi wanaosimulia mambo ya kompyuta hurukia kwenye amri iliyotibu, utadhani katikati hapakuwa na mtu.

Jumamosi saa mbili usiku nikapigiwa simu na namba nisiyoijua. Alikuwa mzee mmoja wa kikundini, mstaafu anayeishi Tanga, ambaye wote tunamwita Babu. Huwa haandiki sana. Alikuwa amesoma mazungumzo yote ya wiki nzima.

"Shikamoo Babu."

"Marahaba mwanangu. Nimeona hizi habari zako. Sasa hebu nisimulie upya, na usiniambie draiva. Niambie ulichokiona kwa macho, halafu ulichokiandika kwa vidole, kimoja baada ya kingine. Hata kile usichotaka kukisema."

Nikanyamaza. Naye akanyamaza. Hatimaye nikamwambia: Babu, niliandika 777 kwenye kompyuta nzima.

Nilitegemea kufokewa. Akacheka mpaka akakohoa. Akaniambia yeye zamani, akitengeneza flashi kwa amri ya dd, aliandika sda, jina la diski ya kompyuta, badala ya sdb, jina la flashi, na hiyo herufi moja ikaondoka na picha zote za harusi ya binti yake. Akaniambia alianza na Ubuntu, aina nyingine ya Linux, zile za bure zilizokuwa zinatumwa kwa posta, CD ndani ya bahasha. Mpango ule ulisimama 2011. Bado anatunza na Jambo OpenOffice, ile programu ya ofisi ya Kiswahili iliyotoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2004. Nilijua anazungumza yote hayo ili nipumue. Nikapumua.

"Haya," akasema. "Hiyo ya 777 ni ajali ya pili. Tutafute ya kwanza. Uko kwenye ile skrini ya maandishi? Andika d, f, nafasi, kistari, h."

"Niandike neno nafasi?"

"Hapana mwanangu. Acha nafasi. Kile kitufe kirefu cha chini."

Nikaandika df -h. Likatoka jedwali.

"Tafuta mstari unaoishia na mkwaju peke yake, alama ile ya /. Nisomee namba zake kutoka kushoto."

"234G. 222G. Halafu sifuri. Halafu asilimia mia."

Kimya kidogo. "Basi nafasi ndiyo hiyo," akasema. "Haipo."

Diski ilikuwa imejaa. Hicho tu. Mtu anapoingia, kompyuta inataka kuandika vijifaili vyake vidogo vya kuanzia kazi. Ikikosa pa kuviandika, inakurudisha mlangoni bila maelezo. Kama wewe mwenyewe umepigia hesabu, 222 zilizotumika kutoa kwenye 234 za diski nzima inabaki 12, na bado inasema sifuri. Nilimuuliza Babu hilo. Mfumo wa mafaili wa ext4, ambao Mint inautumia, kwa kawaida hutenga asilimia 5 ya diski kwa ajili ya root, ili hata watumiaji wakijaza kila kitu mfumo wenyewe uweze kuwaka. Ndiyo maana kompyuta iliwaka vizuri, ikaonyesha mlima wake, ikanikataa mimi peke yangu.

Swali likawa nani amejaza. Steshenari yangu nzima, na miaka yake yote ya CV za watu, haizidi GB 15. Babu akanisomea amri nyingine, ls -lhS /var/log, inayopanga mafaili kuanzia kubwa. Kwa kawaida baadhi ya mafaili ya huko hayasomeki bila sudo. "Lakini wewe umeshajipa ruhusa zote," akasema, "angalau 777 yako itufae hapa." La kwanza, syslog, lilikuwa GB 101. La pili, kern.log, GB 99. Hayo ni mafaili ambamo kompyuta hujiandikia yanayoipata, kama daftari la mlinzi wa getini. Kwa siku ya kawaida huwa ni megabaiti chache.

"Tusome mlinzi ameandika nini." Tukaangalia mistari mitano ya mwisho kwa amri ya tail. Yote mitano ilikuwa na saa, dakika na sekunde ileile, na ndani yake maneno PCIe Bus Error: severity=Corrected. Babu akanieleza: kuna kifaa ndani kinachokosea kwenye mawasiliano yake na kompyuta, kosa linasahihishwa palepale, lakini kila linaposahihishwa linaandikwa. Mara nyingi sana kwa sekunde moja, usiku na mchana. Mlinzi wangu alikuwa anaandika kila mbu anayepita.

"Nini kilibadilika karibuni?"

"Hakuna, Babu."

"Kipo. Fikiri miezi miwili mitatu nyuma."

Nikafikiri kweli. Mwezi wa tano nilinunua ruta. Kabla ya hapo intaneti nilikuwa naivuta kwenye simu kwa waya wa USB, na Wi-Fi ya kompyuta nilikuwa nimeizima tangu siku ya kwanza. Mwezi wa tano ndipo niliiwasha, na kumbe kadi yake ndiyo kile kifaa kinachokosea. Akaniuliza kwa nini sikulisema hilo kwenye kikundi. Nilimjibu ukweli: sikujua kwamba ruta ni habari ya kompyuta.

Nataka nikae hapa kidogo, maana ndipo kilipolala kila kitu. Swali la kilichobadilika lina jibu karibu kila mara, na anayeulizwa karibu kila mara husema hakuna. Hatusemi uongo. Tunachuja. Tunatoa kile tunachodhani kinahusika, na kudhani kwetu ndiko kulikotufikisha tulipokwama. Anayekusaidia akiwa Tanga au Muscat haoni chumba chako. Ana maneno yako tu.

Kama Jumatatu ile ningeandika "naandika nenosiri sahihi, inanirudisha mlangoni, la makosa inalikataa, na tangu mwezi wa tano nimeanza kutumia Wi-Fi", nadhani kabla ya chai ya saa nne mtu angeniambia niingie kwa Ctrl, Alt na F3 niandike df -h. Kisha ningelimwaga lile faili kwa sudo truncate -s 0 /var/log/syslog, na lile la kern.log vilevile. Nasema kulimwaga, kwa sababu ukilifuta wakati programu inayoliandika bado imelishikilia, jina linatoka lakini nafasi hairudi mpaka programu hiyo iwashwe upya. Tuliyamwaga usiku ule kwa simu. Tulipoangalia tena baada ya dakika tano, syslog ilikuwa imeshajaa tena zaidi ya megabaiti mia moja.

Kwa ajili ya ile 777, Babu alinishauri nisipoteze muda kurudisha ruhusa za faili mojamoja. Hakuna mtu anayezikumbuka zote. Jumapili nikatoa ile flashi ya kijana wa chuo kwenye droo. Uzuri wa flashi ya Mint ni kwamba inaweza kuwaka yenyewe bila kugusa diski, ukafungua diski yako kama unavyofungua flashi ya mteja. Nikanakili kazi zangu zote kwenye diski ya nje niliyoazima kwa shemeji, nikazifungua chache kuhakikisha zimeingia, ndipo nikasakinisha upya. Kisha nikafungua faili la /etc/default/grub, lenye mipangilio ya kuwashia kompyuta, kwenye mstari wenye maneno quiet splash nikaongeza pcie_aspm=off, nikaandika sudo update-grub, nikawasha upya. Neno hilo linaizuia kerneli kuilaza njia ya kifaa ili kuokoa umeme, na kwenye kompyuta yangu kule kulala na kuamka ndiko kulikokuwa kunazaa makosa. Betri inakwisha mapema zaidi. Dukani niko kwenye soketi, haijanisumbua. Lipo na neno jingine linalopendekezwa sana, pci=noaer. Hilo linanyamazisha taarifa tu, makosa yanaendelea. Babu aliniambia niliache mpaka lile la kwanza lishindwe, na halikushindwa.

Jumatatu ya pili nilirudisha printa, skana na fonti, nikafungua mlango saa saba mchana. Hesabu yangu ni hii: kwa msimu ule mauzo ya siku hayapungui 60,000, mara siku nane ni 480,000. Ndiyo bei niliyoinunulia kompyuta. Juu yake fundi 25,000 na mabando kama 15,000.

Usiku ule nikaandika kwenye kikundi kisa chote, pamoja na ile "ghafla tu". Dada wa Arusha akajibu, "Ungesema tu, mama." Yule kaka wa Muscat hakujibu. Nilimtumia ujumbe wa pembeni kumwomba radhi, akauona, na hadi leo tukikutana kwenye mazungumzo ananiruka. Nimemwelewa. Alikuwa anaamka alfajiri kwa ajili ya uongo wangu.

Sasa kwenye kaunta, pembeni ya daftari la madeni, kuna daftari jingine. Kila kinachobadilika naandika tarehe: waya mpya, masasisho yameingia, umeme umekatika printa ikiwa katikati ya kazi, mtoto ameketi kwenye kompyuta. Kila amri ninayopewa naiandika kabla ya kuibonyeza, na jina la aliyenipa. Amri yenye -R au rm au dd, zile zinazoweza kufuta au kuharibu vingi kwa mpigo, nailalia usiku mmoja kwanza. Nimewasha Timeshift, ambayo ilikuwa ndani ya Mint siku zote na ikaniomba niiwashe tangu siku ya kwanza, nikabofya pembeni. Inapiga picha ya mfumo na ruhusa zake, na kama ningekuwa na picha moja kwenye diski ya nje, ile 777 ningeirudisha bila kusakinisha upya. Kazi za wateja haizitunzi, hizo nazinakili mwenyewe kila Ijumaa. Na nikiomba msaada naandika kosa neno kwa neno kama lilivyo kwa Kiingereza, silitafsiri. Nilishawahi kulitafsiri, watu wakalitafuta kosa ambalo halipo duniani. Kama siwezi kulinakili napiga picha kwa kuikabili skrini, nikiwa nimezima taa ya nyuma yangu.

Juzi skana ilinigomea. Nikakaa kuandika ujumbe wa kikundi kwa mtindo huo mpya: "Habari za jioni. Jana saa nne asubuhi iliskani vizuri. Jana mchana nilihamisha meza, nikabadilisha waya wa USB nikaweka ule mrefu ili ufike. Leo asubuhi printa inaprinti lakini skana haio..."

Nikaishia hapo. Nikaufuta ujumbe, nikashuka chini ya meza kuutafuta waya ule mfupi.